Mvumo wa Skrini

Fundi alichomoa waya mmoja baada ya mwingine huku Zulekha akimwangalia. Spika za kompyuta ziliendelea kuvuma.

"Mama, tatizo nimeliona," fundi alisema. "Sauti inatokea kwenye spika za humu ndani ya skrini, na hizi zimeharibika. Nakuhamishia kwenye spika ndogo za mezani."

Akabonyeza hapa na pale. Mvumo ukakatika. Honi za magari ya mtaani Mchafukoge zikasikika dirishani.

"Weka kitu tujaribu."

Zulekha hakuwa na muziki. Alikuwa na ujumbe wa sauti wa mwanawe, aliomtumia kutoka wodini masika yaliyopita. Siku ulipoingia aliusikilizia sokoni Kariakoo, katikati ya makelele. Tangu mazishi yake alikuwa akiusikilizia hapa kwenye kompyuta, pamoja na mvumo ule. Alikuwa ameuhifadhi neno kwa neno. Akauweka.

"Mama, usije leo. Barabara ya Jangwani imejaa maji, utahangaika bure. Mimi naendelea vizuri. Njoo kesho."

Alimtii. Kesho yake aliitwa kuchukua maiti.

Siku zote alidhani ujumbe unaishia hapo. Sasa, kwenye ukimya, alimsikia muuguzi akiuliza kwa mbali, "Mbona umemkataza?"

Mwanawe akajibu taratibu, bila kujua kwamba simu bado inarekodi.

"Natamani aje, sista. Ila atapita wapi?"

Fundi alikuwa akikunja nyaya, hakusikiliza maneno. "Sasa safi, mama?"

"Safi, mwanangu," Zulekha alijibu, akaivuta kanga mpaka mdomoni.