Mtoto wa Kilo Nane

"Mtoto ana kilo nane," alisema Mwalimu Tekla, akaandika jina la dawa ubaoni. "Pigeni hesabu ya dozi, kisha vuteni kwenye bomba la sindano. Leo ni maji tu, lakini vuteni kama mtoto yuko mbele yenu."

Siwema, aliyewazidi umri wanafunzi wenzake wote wa uuguzi, alipiga hesabu mara mbili, akavuta. Maji yaliishia chini kabisa ya bomba.

"Madam, mbona kidogo hivi?"

Mwalimu aliliinua bomba hilo usawa wa macho. "Ndiyo yenyewe. Ukikosea nukta ya desimali tu, unalijaza, na mtoto humpati tena. Hongera, umepatia."

Wenzake wakampigia makofi. Siwema hakuyasikia. Alikuwa akiliona bomba jingine, la dawa hii hii, siku ya mwisho alipompakata mwanawe, naye wa kilo nane, wodini. Lilikuwa limejaa. Na yeye ndiye aliyeushika ule mkono mdogo usitikisike, akisema, "Tulia mwanangu, utapona sasa hivi."

"Haya, mwageni," alisema mwalimu.

Wenzake wote wakamwaga kwenye ndoo. Siwema alibaki dirishani, bomba lake mwangani, akichelea hata tone moja lisidondoke.