Uso Ndani ya Kanga

"Kwetu Newala maji tunayapangia foleni, nyie yanajimwaga tu," mkwe alisema, akacheka.

Dominika alikuwa amemleta mama huyu, mzazi wa mke wa mwanawe, kwenye maporomoko madogo ya msituni ili moyo wake upoe. Mimba zilikuwa zimemharibikia binti yake mara mbili, na sababu haikujulikana.

Mkwe aliinama, akayanywa maji kwa viganja.

Juu yao mtu akakohoa. Alikuwa mwanawe Dominika. Mkwe alipoijua sauti, alijifunika uso kwa kanga, maana mama mkwe hamtazami mume wa bintiye.

"Shikamooni, mama zangu."

Alikuwa anasuuza bomba la kupulizia dawa ya kuua wadudu wa mikorosho. Maji yakashuka meupe kama tui, maji yale yale wanayochota kunywa nyumbani.

Dominika aliinua uso. "Huwa unasuuzia hapa?"

"Kila nikimaliza kupuliza, mama. Mwaka wa tatu huu."

Uso wa mkwe ulikuwa bado ndani ya kanga. Hakuona kitu. Dominika angeweza kunyamaza.

Alimshika mkono. "Mkwe wangu, funua uso," alisema. "Leo mtazame."