Sahani ya Peke Yake

Miaka yote Mwanaidi alimpakulia mumewe sahani ya peke yake, akizidisha chumvi na pilipili, maana sigara zilishamuua ulimi. Kibwana aliacha kuvuta tangu mwezi wa mfungo, na mkewe bado alihofia atazirudia.

Mchana ule Kibwana alionja mchuzi, akakunja uso.

"Mama Zuhura, leo chumvi imekuponyoka?"

"Ni ile ile ya siku zote, baba."

"Basi siku zote ulikuwa unaniua!"

Mwanaidi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaiondoa sahani ile, akasogeza sinia lake katikati ya mkeka. Kibwana akamega tonge, huku mkono wa kushoto ukipapasa mfuko mtupu wa shati. Mwanaidi akauona, akamtilia kiganjani kipande cha limau anyonye badala ya sigara.