Darasa Lililofunga Mdomo

"Haya, nani ataniambia jua linachomoza upande gani?"

Mwalimu aliuliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Darasa la tatu zima kimya, kama waliomwagiwa maji ya baridi. Hakuna kidole hata kimoja juu. Na jua lenyewe, nikuambie, lilikuwa linawapiga machoni kupitia dirishani.

Nyuma alikaa mkaguzi kutoka chuoni, mtu mzima na kitambi chake na tai shingoni, kabanwa kwenye dawati la mtoto, magoti karibu yaguse kidevu. Akaandika kitu. Akakikata. Akaandika tena.

Mwalimu mwenyewe alikuwa binti tu, mwanafunzi wa ualimu aliyeletwa pale kwa mazoezi ya kufundisha. Na mambo yalikuwa hivi: mkaguzi huja mara mbili. Ukivurunda zote mbili, chuo kinakuaga, unarudi kwa mama yako na sanduku lako. Hii ilikuwa ya kwanza, na ndiyo hiyo ilishakwenda na maji.

Sasa ajabu ni hii. Mkaguzi katoka, hajafika hata getini, darasa likalipuka kama soko.

"Mashariki, mwalimu! Linachomoza mashariki! Kwani hukujua?"

"Sasa mbona hamkusema?"

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akapigwa kiwiko.

"Tulisahau, mwalimu."

Jioni binti akapanda juu ya tofali nyuma ya choo cha walimu, maana ni hapo tu mtandao ulipokuwa unashika, akampigia mkutubi wa chuo. Huyo mama ndiye aliyekuwa anamshika mkono tangu mwanzo. Wiki ile ya kwanza watoto walikuwa wanatembea juu ya madawati kama mbuzi juu ya mawe, na shule haina kitabu cha maana hata kimoja. Mkutubi akamwambia, "Maktaba huna, mwanangu, lakini simu si unayo?" Akamfungulia maktaba ya mtandaoni, kwenye rafu ya walio mazoezini. Video hizi, kurasa hizi. Mjue kila mtoto kwa jina. Cheka nao. Mwulize yule wa nyuma amelalaje. Binti akafuata yote, neno kwa neno, na watoto wakamganda kama kupe. Kumbebea mkoba ilikuwa ugomvi kila asubuhi.

"Mama, wamenigomea," akasema pale juu ya tofali.

"Wakugomee kwa lipi? Wanaogopa mgeni. Mtoto akiona tai, ulimi unakimbilia tumboni. Ngoja nikutafutie kitu."

Akamtumia video ya darasa lisilojibu. Binti akaitazama, akapiga tena.

"Mama, huyu wa kwenye video ana watoto wachache wamekaa kwenye zulia!"

"Chukua mbinu, mwanangu. Zulia liache hukohuko."

Basi akachukua mbinu. Akamwomba mlinzi wa shule avae tai ya kuazima, akae nyuma, watoto wazoee mgeni. Mlinzi akakaa, kakunja uso kikubwa kweli. Weee! Watoto walijibu kwa fujo mpaka mzee wa watu akaziba masikio.

"Hawa hawaogopi mtu," akasema akivua tai. "Hawa waniogope mimi?"

Binti akaona bora aseme nao ukweli. "Wanangu, mkaguzi akija tena mnijibu, tafadhali. Nikifaulu nitakuwa mwalimu kamili, nitapewa shule yangu."

"Shule gani?" akauliza kiranja, kibinti chenye mapengo.

"Nyingine. Popote watakaponipeleka."

"Na usipofaulu?"

"Usiseme hivyo, nitalia."

Akachukua chaki, akaendelea na somo.

Mkaguzi akarudi. Binti akamwaga kila alichopakua, hakubakiza. Aliwaambia wajadiliane wawili wawili. Wakaangaliana wawili wawili, basi. Aliuliza swali jepesi ambalo hata kuku angejaribu, kimya. Mwisho akaanzisha ule wimbo wao wa kila siku, wanaouimba mpaka bati linatetemeka. Akaimba peke yake. Akajiitikia peke yake. Kiranja alikuwa kafumba macho na kubana midomo kwa nguvu, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Mkaguzi akajichomoa kwenye dawati, akampa mkono.

"Pole, binti. Nimejitahidi kutafuta pa kukusaidia, sikupaona. Kafungashe, tutaonana chuoni."

Akaenda. Simu ikaita mfukoni, mkutubi huyo, bila shaka anataka kujua imekuwaje. Binti akaiacha iite mpaka ikachoka. Angesema nini? Hapakuwa na video ya hapo alipofika. Akakaa kwenye ngazi ya darasa, akajifunika uso, akalia kama mtoto mdogo.

Watoto wakatoka polepole, wakamzunguka. Kiranja akavuta mkono wa sweta lake, akamfuta machozi, kwanza jicho hili, halafu lile.

"Nyamaza, mwalimu, tumeshapanga. Yule mwalimu wa mazoezi wa mwaka jana tulimjibu yote, akafaulu, akaenda zake. Wewe umefeli, na hapa kwetu anayefeli anarudia darasa. Na sisi tutafeli wote, tubaki na wewe."