Jani Lililobaki

Bi Nunu alijulikana mtaani kwa kuchuma majani ya dawa. Asubuhi hiyo alileta ya mwarobaini, mkwewe Mashavu akayachemsha, na sasa Mashavu alikuwa akimnywesha mumewe, Hamdani, mwana wa Bi Nunu, mwenye homa kali. Bi Nunu alikaa kando yao akipapasa jani lililobaki. Ghafla vidole vikasita. Kikonyo chake kilikuwa na matawi. Cha mwarobaini hakina.

"Acha, Mashavu! Huu si mwarobaini. Ni ule unaofanana nao, wenye sumu."

"Mama, si umechuma mwenyewe?"

"Nimechuma. Macho yamefifia, nikaona haya kusema. Amekunywa kiasi gani?"

"Funda moja."

Bi Nunu akanyoosha mkono kumtafuta mwanawe. Mashavu akaushika akauweka kifuani kwa Hamdani.