Kumpandisha Mama Mlimani

Shuka ililegea mgongoni pale njia ilipoanza kusimama wima. Mokua akapiga goti juu ya mawe meusi, akaifunga upya. Mama alikuwa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Jana alilia kutwa. Leo hata kulia kumemshinda.

"Vumilia, Mama," akasema. "Tukifika juu simu itashika."

Kisiwa chote kilikuwa mlima huo mmoja. Wavuvi husema zamani ulitapika moto, ndiyo maana mawe yake yanafanana na makaa yaliyopoa. Kule chini ufuoni simu ni tochi tu. Wakubwa waliahidi mlingoti wa mtandao kabla ya kura; wakaja na fulana, wakala samaki, wakaenda. Waliacha pia zahanati yenye rangi mpya na kufuli. Kwenye mlango wa kufuli hilo ndipo Ruth, mke wa Mokua, alipotokwa damu hadi akaisha.

Alimzika nyumbani, Magwagwa. Kisha akarudi kisiwani na Mama, maana hakuwa na wa kumwachia, achukue vyombo, afunge kibanda chake cha ndizi, aage. Upepo ukachafua ziwa. Kila mashua ikavutwa nchi kavu. Halafu homa ikaingia.

Simu ilikuwa ya Janat, mwuza nguo kutoka Kisii mjini ingawa si Mkisii, jirani yake pale ufuoni.

"Chaji ni kidogo sana, usiiwashe hadi ufike juu," Janat alimwambia. "Na Mama mwache hapa, jirani. Nitamwangalia."

"Ruth nilimwacha mlangoni nikaenda kutafuta mwenye funguo. Niliporudi, sikumkuta. Simwachi mtu tena."

"Basi nenda. Ninyi Wakisii si mmezaliwa mlimani? Hicho kwenu ni kichuguu."

"Milima ya kwetu ina majani chai, Janat. Ukianguka, unashikwa."

Huku hapakuwa na cha kumshika. Changarawe zilimteleza chini ya viatu vya mpira, akawa anapanda kwa mikono kama nyani. Kila alipovuta pumzi alimlaani mkubwa mmoja, kuanzia chifu kwenda juu, na wakubwa wakaisha kabla mlima haujaisha.

Nyuma ya shingo yake, pumzi za Mama zilikuwa fupi, fupi.

Tangu Ruth azikwe, ni Mokua aliyemwosha Mama, akambadilisha nguo zilizolowa, akamlisha kwa kijiko. Kwao mwanaume hafanyi kazi hiyo, na wazee wa kanisa walimtazama kwa jicho la pembeni. Watazame. Aibu wanaiweza wenye watu.

Kileleni upepo ulitaka kumwangusha. Akajikunyata nyuma ya jiwe, Mama yuko mgongoni bado, akawasha simu. Mtandao ukaingia. Akapiga namba ya dharura, na iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye haraka, lakini lafudhi yake ilikuwa ya nyumbani kabisa. Moyo wa Mokua ukaruka.

"Mgonjwa ni nani, mzee?"

"Ni Mama. Anaungua, dada. Hataki kitu mdomoni tangu jana."

"Anaitwa nani?"

"Mong'ina."

Yule akacheka kidogo, kicheko cha Mkisii kwa Mkisii mwenzake, maana kwao neno hilo ni bikizee. "Sasa hilo ni jina ama ni umri?"

"Ni jina."

"Haya. Anatembea?"

"Hatembei. Nimembeba." Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka, maneno yakatoka moja moja.

"Anaongea? Anakutambua?"

"Haongei, dada. Njooni tu."

"Pole sana. Sasa nisikize, mzee. Ziwa ni baya. Boti ni moja, na leo imeruhusiwa safari moja tu. Wakubwa wamesema ni ya mtoto mchanga ama mjamzito, basi. Wazee wote ni kesho, upepo ukilala. Wewe mfunike vizuri, umpe maji—"

Kioo kikawa cheusi.

"Haloo?" Mokua akabonyeza. Akabonyeza tena, akaipiga simu kwenye paja, akaipuliza, akaibana kwapani ipate joto. Hakuna.

Akasimama, akaukabili upepo na ziwa lote, akapiga ukelele hadi sauti ikapasuka:

"Si mzee! Hilo ni jina la nyanyake tu! Mama ni mtoto mchanga, hata kitovu hakijakauka!"