Kengele ya Maji

Tasiana alilehemu waya wa mwisho kwenye kibao cha saketi, macho yakimwasha kwa moshi. Wiki ya tatu hii, kila akitoka kazini alihangaika nacho.

“Mama, sasa nenda kalale. Maji yakifika bombani, hiki kitalia chenyewe.”

Mama yake, aliyeshinda miaka yote kando ya bomba akisubiri zamu ya mtaa wao, alikitazama kibao na kitaa chake cha kijani.

“Na kikipitiwa na usingizi?”

“Hakilali, Mama.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Akajiinua taratibu, mkono kiunoni, akakitoa kigoda chake bombani, akakiweka mbele ya kibao. Akaketi, ndoo tupu mapajani, akakikodolea macho kile kitaa.